Tumbo la Jumapili jioni: kaunsela wa watoto tuliyempata, bei yake na vile tumeona

Wazazi wenzangu, hamjambo. Nimekaa na haya maneno karibu miezi mitatu nikisema nitaandika nitaandika, na kwa sababu mimi mwenyewe nilitafuta usiku kucha kama kuna mtu ameeleza kwa Kiswahili vile mtoto anapelekwa kwa kaunsela hapa Nairobi, huko ndani wanafanya nini, unalipa ngapi, nikakosa, acha niandike mimi. Jina la kituo sitaweka. Binti yangu ana miaka 12, yuko Gredi ya 7, na wenzake darasani wanasoma kila kitu kwa simu za wazazi wao, kwa hivyo hiyo sehemu mnisamehe. Mengine yote nitasema, mazuri na mabaya.

Ilianza muhula wa pili. Kila Jumapili ikifika saa kumi na mbili jioni, mimi nikitoa pasi nianze kunyoosha yunifomu, mtoto anashika tumbo. Na hakuwa anaigiza, alikuwa anajikunja kwa kochi mpaka jasho linamtoka juu ya mdomo. Jumatatu asubuhi anaamka macho yamevimba, chai hanywi, anaenda tu kwa sababu baba yake amesimama mlangoni. Ijumaa jioni mzima kabisa anaruka kamba na watoto wa ploti. Nilimpa dawa ya minyoo. Nikampa tangawizi. Shosho yake alisema tuombe, tukaomba, na bado tunaomba, lakini Jumapili ilikuwa inafika na tumbo linarudi vile vile.

Tukaenda kliniki, wakapima choo, mkojo, wakapima vidonda vya tumbo, wakafanya na picha ya tumbo, karibu elfu sita zikaenda na kila karatasi inasema hakuna kitu. Sasa yule daktari kijana akaweka kalamu chini akamuuliza binti yangu swali ambalo mimi mama mtu sikuwa nimeuliza miezi miwili yote: "Hili tumbo huuma Ijumaa?" Mtoto kimya. "Na yale mapumziko ya katikati ya muhula, liliuma?" Akatikisa kichwa. Mimi nikajua sasa amepatikana, alikuwa anadanganya, na nikaanza kukasirika hapo hapo kwa kiti. Daktari akaniona. Akaniambia mama, usichanganye, uchungu anasikia kweli, mtoto akiogopa mwili unafanya kama anafukuzwa na mbwa, moyo unaenda mbio, damu inatoka tumboni inakimbilia miguu na mikono, na tumbo linasokota hata kama hakuna mbwa. Mtafutie mtu wa kuongea naye. Hivyo tu, hakuandika dawa yoyote.

Mtu wa kuongea naye, haya, nitampata wapi? Nilipiga simu mahali pa kwanza nikauliza kama amesajiliwa, akaniambia yeye kazi yake inajulikana mtaani na hahitaji karatasi. Nikakata. Wazazi, hapo msione haya kuuliza. Kenya kuna sheria ya makaunsela na wanasaikolojia tangu 2014, na kuna bodi, kwa hivyo mtu akikasirika kwa sababu umeuliza usajili wake, huyo ameshakujibu. Huyu tuliyempata nilimuuliza kwa simu na hakukasirika hata kidogo, alinitumia picha ya cheti kwa WhatsApp kabla sijamaliza kueleza, na akaniambia kitu ingine ambayo nilipenda, kwamba amesomea kufanya kazi na watoto, maana kuongea na mtu mzima na kuongea na mtoto wa miaka 12 ni kazi mbili tofauti.

Kituo kiko upande wa Ngong Road, orofa ya tatu, lifti hakuna. Sisi tunakaa Umoja, yaani ni matatu mpaka tao, katikati ya jiji, halafu ingine kutoka tao, na ukirudi jioni unajua vile Jogoo Road inakaa. Kama una mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, nawaambia mapema, hizo ngazi hazipandiki, na nilisikitika kuona mahali pa watoto hawakufikiria hilo.

Siku ya kwanza mtoto haendi. Unaenda wewe mzazi. Mimi nilikuwa nimejiandaa kueleza tumbo, nikapata fomu ya kurasa nne na maswali ya ajabu: mtoto analala saa ngapi, nani analala naye chumba kimoja, kuna mtu amekufa au amehama karibu na yeye, mara ya mwisho alicheka mpaka akalia ilikuwa lini. Hilo la mwisho nilikaa nalo. Nilitafuta kichwani mwaka mzima na sikuipata hiyo siku. Kaunsela, mama wa makamo hivi, sauti ya chini, akasema si lazima ujibu leo. Kisha akanieleza sheria za mle ndani, na hapa ndio niliumia kidogo. Kwamba atakachosema mtoto kitabaki kwa chumba, mimi sitaambiwa, isipokuwa kama kuna hatari, mtoto anataka kujidhuru au kuna mtu anamdhuru. Nikamwambia lakini mimi ndio nalipa. Akasema ndio mama, na unalipia mtoto wako awe na mahali anaweza kusema kitu bila kuangalia uso wako kwanza. Sikuwa na la kujibu.

Chumba chenyewe nimekiona. Mkeka, meza fupi, kreyoni, wanasesere, matatu ndogo ya mbao, na sanduku kubwa la mchanga mkavu liko juu ya stuli mbili, pembeni kuna rafu imejaa vitu vidogo vidogo, wanyama, watu, nyumba, miti, uzio. Nilifikiri hii ni ya watoto wa nasari, huyu wangu mrefu hivi ataona ametukanwa. Kumbe hapana. Sesheni ya kwanza na ya pili hakusema karibu neno lolote, alichezea mchanga dakika hamsini, na mimi niko pale nje nahesabu, elfu tatu ya mchanga, elfu tatu ya mchanga. Nilikuwa karibu kuacha. Baba watoto alikuwa ameshaacha kichwani, alisema sisi tulikua bila hizi vitu na tuko hapa.

Nataka niwaeleze polepole kilichofanyika ya tatu na ya nne, na haya yote naandika kwa ruhusa yake, nilimuuliza. Kaunsela alikuwa akimuuliza unajisikiaje, anajibu niko tu sawa. Akiuliza tena, niko tu. Hakumsukuma. Alitoa kadi tupu na kalamu wakaanza kuandika majina ya vitu mtu anaweza kusikia ndani yake, kwa Kiswahili, kila mtu kadi yake kisha wanabadilishana. Hofu. Wasiwasi. Aibu. Wivu. Upweke. Kinyongo. Majuto. Hamaki. Shauku. Mtoto alikuwa na maneno kumi na kitu, maana kusoma anasoma sana, tatizo alikuwa anayajua ya insha, hajawahi kuyavaa. Halafu kaunsela akaandika fedheha, binti yangu akasema hiyo ni sawa na aibu, akaambiwa fikiria vizuri, aibu unaweza kuwa nayo peke yako umejifungia chumbani, fedheha je? Akafikiria. Akasema fedheha lazima kuwe na watu wanaangalia.

Akachukua ile kadi akakaa nayo. Akaulizwa, na hii huwa inakaa wapi kwa mwili? Akasema kwa masikio, yanakuwa moto kwanza, halafu inashuka inaingia tumboni.

Sesheni ya nne aliomba mimi niingie. Kwa mchanga alikuwa amepanga darasa, wanyama wote wameangalia upande mmoja, na mbele kule alikuwa amechimba shimo akamzika bata mdogo wa manjano, kichwa tu ndicho kinaonekana. Nikamuuliza huyu bata amefanya nini? Akaniambia, "Mama, anaitwa BE."

Wenye watoto huku mnajua. Kwa ripoti za huu mtaala wa umilisi hakuna tena nambari moja mpaka nambari arobaini, kuna kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na chini ya matarajio, na watoto wanaziita kwa herufi za Kizungu, EE, ME, AE, BE. Mimi nilikuwa nimeona ni afadhali kuliko wakati wetu ambapo jina lako lilibandikwa ukutani na namba yako kando. Sasa kumbe mwalimu wa hisabati akirudisha karatasi anaita jina na herufi kwa sauti, darasa zima linasikia, na binti yangu alipata hiyo herufi ya mwisho mara mbili mfululizo na jina likamganda. BE njoo. BE leta kifutio. Hisabati ilikuwa kipindi cha kwanza Jumatatu. Nikaelewa tumbo.

Na ilikuwa mwaka mgumu kwake, hilo pia sikuliona kwa sababu ya kukimbia kimbia. Hizi sekondari msingi zilianza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, kwa hivyo mtoto akitoka Gredi ya 6 anabaki kiwanja kile kile, geti lile lile, na mzazi unafikiri hakuna kilichobadilika. Kumbe ni masomo 9, kila somo na mwalimu wake, yule mwalimu wa darasa aliyekuwa anajua mpaka jina la mdogo wake hayuko naye siku nzima tena. Rafiki yake wa karibu alihamishwa shule. Mwezi wa tano akaanza hedhi, akawa anaogopa kusimama darasani. Kila moja ukiichukua peke yake ni kitu kidogo, lakini zilimwangukia mtoto mmoja ndani ya miezi michache. Kaunsela alinieleza kwamba huu umri wa kati ya miaka sita na kumi na mbili hivi ndio mtoto anajenga ile imani kwamba mimi naweza, au anajenga ile ingine kwamba mimi siwezi, na anaijenga kwa kuangalia nyuso za watu wakubwa akiwaonyesha kazi yake.

Uso wangu mimi. Hapo ndio nilipigwa. Kwa sababu binti yangu alisema mbele yangu, kwa upole kabisa, kwamba akifika nyumbani swali la kwanza mama huuliza ni umepata ngapi. Na Jumapili jioni, kabla ya pasi, mimi ndio hukagua vitabu vyote vya wiki, nikiwa nimesimama. Sikuwa na nia mbaya. Baba yangu alikuwa kuli, nilisomeshwa kwa kukopa, nataka wafike mbali. Lakini mtoto alikuwa anatoka fedheha moja anakuja kusubiri ingine, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa hiyo ya pili. Nililia pale kwa mkeka, na kaunsela akaniachia nilie, hakukimbilia kunipa tishu wala kuniambia basi basi. Mtoto ndiye aliniletea.

Kwa hivyo kama unauliza unalipia nini, kwa maoni yangu sehemu kubwa ya zile pesa ilikuwa ya kunirekebisha mimi na baba yake. Tulipewa kazi za nyumbani. Ya kwanza, dakika ishirini kila siku ni za mtoto, simu iko chumba kingine, yeye ndiye anachagua tufanye nini, na ndani ya hizo dakika hakuna kufundisha, hakuna kusahihisha, hakuna kuuliza shule. Dakika ishirini mtu anaona ni kitu kidogo mpaka ujaribu. Wiki ya kwanza nilishindwa siku tatu. Alichagua kusukwa na mimi badala ya saluni, ikawa ndio wakati anaongea, labda kwa sababu amenipa kisogo haoni uso wangu. Ya pili, lile swali la umepata ngapi nilibadilisha, nikaambiwa niulize leo ni nini kilikukalia vibaya na ni nini kilikufurahisha, na nikijibiwa ninyamaze kwanza, nisikimbilie suluhisho. Ya tatu, kukagua vitabu kukahamishwa Jumamosi asubuhi, tumekaa wote wawili, na yeye ndiye ananionyesha ukurasa anaotaka. Ya nne, usingizi, taa zima saa tatu, na hiyo ndio ilileta vita vingi zaidi nyumbani, mpaka leo bado tunavutana.

Baba watoto alikuja sesheni ya tano. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Yeye alimaliza darasa la nane kabla ya 2001, ule mwaka viboko vilipigwa marufuku shuleni, na ana alama mkononi hadi leo ya mwalimu mmoja, huwa anaionyesha kama kitu cha kujivunia. Kaunsela hakumhubiria. Alimuuliza tu, hiyo siku ulipopigwa, ulimwambia nani? Akakaa. Akasema hakuna. Akaulizwa, ungetaka kumwambia nani? Sitaandika alichojibu, ni chake. Ila tangu siku hiyo zile dakika ishirini zake anazitoa, wanaenda na binti yake kununua mahindi choma pale steji, wanarudi polepole, wakati mwingine naona wamesimama tu nje ya geti bado wanaongea na mahindi yameisha.

Shule sasa. Kaunsela aliahidi kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha, bila siri za mtoto, kusema tu ni nini kingemsaidia darasani. Barua ilichelewa wiki mbili nzima, nikapiga simu mara nne, na hiyo nawatoa alama kabisa kwa sababu wiki mbili ni Jumatatu mbili. Ilipofika niliipeleka mwenyewe. Mwalimu wa ushauri nasaha ni mama mzuri lakini anafundisha vipindi karibu kutwa, ofisi yake ni nusu ya stoo ya vitabu, watoto wakitaka kumuona wanasubiri nje ya mlango ambapo kila mtu anapita anawaona. Simlaumu yeye. Aliongea na mwalimu wa hisabati, na yule mwalimu, lazima niseme ukweli, hakujua kabisa, alisema yeye alidhani anawatia bidii. Siku hizi karatasi anarudisha zimekunjwa, kila mtoto anafungua yake. Kitu rahisi hivyo. Lile jina halikuisha siku moja, liliendelea kama mwezi mzima kisha likachoka lenyewe, na kuna mvulana mmoja bado analitumia.

Haya, malalamiko yangu kwa kituo, maana siwezi kuwasifu tu. Mapokezi. Siku ya pili yule dada wa mapokezi aliniuliza kwa sauti, watu wanne wamekaa hapo, "huyu ndiye mwenye wasiwasi wa shule?" Mtoto aliangalia chini mpaka tukaingia. Mahali panapoahidi siri mlango wa kwanza haufai kuvuja hivyo. Nilimwambia kaunsela, akaomba msamaha, na kweli sikusikia tena, lakini ningependa wafunze watu wao kabla mtoto hajaumia. Ukuta pia ni mwembamba, wanaweka redio kwa korido kuzuia sauti, sawa, lakini wimbo ukiisha kabla mwingine haujaanza kunakuwa kimya na unasikia mtoto wa mtu akilia mle ndani. Miadi ya kwanza ilikuwa ni Jumatano saa tisa peke yake, yaani mtoto anatolewa shule kila wiki na wenzake wanauliza unaenda wapi, ilibidi nisukumane nao mpaka wakatupa Jumamosi. Na kuna hii sheria yao, ukikosa kufika bila kuwaambia saa 24 kabla, unalipa nusu. Tulikwama na mvua ile kubwa, barabara imejaa maji, magari hayasongi, nikapiga simu nikiwa kwa matatu, wakanikata elfu moja mia tano. Naelewa muda wao ni pesa. Mvua nayo haitoi notisi ya saa 24.

Hesabu yote ni hii. Siku ya mzazi peke yake 4,000. Sesheni nane za 3,000, jumla 24,000. Ile faini 1,500. Inakuja 29,500 bila nauli, na bima yetu ya kazini ilikataa kulipa, walisema ushauri wa mtoto haumo. Tulilipa kwa mafungu kupitia M-Pesa, hilo walikubali bila maneno. Kwetu ni pesa nyingi. Kuna mwezi tulichelewesha kodi wiki moja.

Najua wengi hapa hiyo pesa haipo na sitaki mtu asome aone basi mtoto wake hana njia. Kuna namba 116, ya Childline Kenya, kupiga ni bure na wanapokea usiku na mchana, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe, hata mzazi anaweza kupiga aulize afanye nini. Sisi tumeiandika kwa karatasi tukabandika kwa friji, haijatumika, lakini mdogo wake anaijua kwa kichwa. Hospitali kubwa za umma kama Kenyatta na Mathari zina huduma za afya ya akili, foleni ni ndefu, uende mapema. Na kama shule yenu ina mwalimu wa ushauri nasaha, nenda umjue jina kabla ya shida. Usingoje. Shirika la Afya Duniani limesema nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza mtu akiwa hajapita miaka 14, na mimi wangu alikuwa na 12 nikimpa dawa ya minyoo.

Mnauliza kama amepona. Tumbo limerudi mara mbili tangu tumalize, mara moja kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula, na mara moja bila sababu tunayoijua. Hisabati sasa anakaribia matarajio, lakini sikumpeleka kwa sababu ya hisabati. Kilichobadilika ni kwamba ananiambia. Jumapili moja nikiwa na pasi alikuja akasimama karibu na mimi akasema, mama leo ni wasiwasi, si fedheha, wasiwasi ni kwa sababu ya mazoezi ya kuongea mbele ya darasa, na iko hapa, akaweka mkono juu ya kifua. Nikazima pasi. Sikusema kitu cha maana, nilimuuliza tu unataka tukae au unataka tutembee. Akasema tukae.

Alama nawapa nne kwa tano. Kaunsela mwenyewe angepata tano, ile moja imechukuliwa na mapokezi, barua na ngazi. Mkienda, mwambieni mtoto ukweli kwamba anaenda kuongea na mtu, msimdanganye mnaenda tao kununua viatu, wangu aliambiwa ukweli na bado siku ya kwanza alikataa kushuka matatu, tukapitiliza steji tatu, tukarudi kwa miguu. Mvalisheni nguo ambayo mchanga hautaisumbua. Na mzazi ukienda siku ya kwanza beba maji, ile fomu ni ndefu.

Sesheni ya kuangalia hali tumepewa muhula ujao ukianza, wiki ya pili, Jumamosi saa nne. Nilipomwambia aliuliza kama yule bata bado yuko.